Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui na Mlango wa Skuli

Ndugu zetu wa Mombasa, Malindi na Lamu wametuandikia mara kwa mara wakitaka karatasi hii iseme neno juu ya skuli kubwa za Serikali na nani mwenye haki ya kuingia humo. Je, ni yule aliyepata alama nyingi tu, au kila upande wa nchi upewe fungu lake, hata kama alama za watoto wake ni chache? Baadhi yao wameandika kwa uchungu, na wengine kwa hasira. Mwenye kuandika haya ni mtu wa pwani, walakini huu ni mwaka wa tisa yuko Lafey, katika Kaunti ya Mandera, karibu na mpaka wa Somalia, akisomesha. Basi uchungu wa pande zote mbili anaujua. Tumeona ni afadhali, badala ya kubishana, tueleze maisha ya mtu mmoja ambaye kila mwenyeji wa pwani amelisikia jina lake, kwani jambo hili halikuzaliwa leo, naye alilikuta mlangoni kwake.

Sheikh Al-Amin bin Ali bin Abdallah Mazrui, Mwenyezi Mungu amrehemu, alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Nyumba yao ni nyumba inayojulikana. Mazrui ndio waliotawala Mombasa mpaka mwaka 1837, Seyyid Said bin Sultan alipoutwaa mji. Sheikh mwenyewe baadaye aliandika tarikhi ya wazee wake kwa Kiarabu, na kitabu hicho mpaka leo ndicho wanachokirudia wenye kuichunguza Mombasa ya kale. Lakini hakuukuta ufalme wala mali ya ufalme. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah, mwanachuoni mkubwa, alifariki mwaka 1894, na mtoto akabaki yatima wa miaka mitatu.

Aliyemlea na kumsomesha ni jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, naye pia ni mtu wa ilimu na hukumu. Alipokuwa kijana akavuka kwenda Unguja kusoma kwa Sayyid Ahmad bin Sumeit na Sheikh Abdallah Bakathir, wanavyuoni wawili ambao wakati ule kila mwenye kiu ya ilimu katika mwambao huu alitamani kukaa mbele yao. Wote wawili walifariki mwaka 1925.

Hapa tusimame kidogo. Wako wanaosema kwamba zamani za wazee wetu hapakuwa na mafungu wala hesabu za wilaya. Mtu alikaa katika darsa kwa akili yake tu, na aliyeshindwa aliondoka. Hii ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Darsa ilikuwa wazi kwa kila mtu, na hakuna aliyeulizwa ametoka mji gani. Lakini ili mtu aifikie darsa ya Unguja alihitaji mtu wa kumlipia chombo, nyumba ya kufikia, na chakula cha miezi na miaka. Yatima huyu alikuwa na jamaa mwanachuoni wa kumshika mkono. Lau mwaka ule ule 1891 angezaliwa yatima mwingine mwenye akili kama yake katika mahema ya wenye ngamia huku ninakokaa, angekuwa mchungaji mwenye akili sana, basi. Hatusemi haya kumpunguzia Sheikh kitu. Tunasema ili tusidanganyike kwamba akili peke yake ndiyo iliyowahi kufungua milango.

Sheikh aliporudi Mombasa alikuta Waislamu wamelala. Gazeti la al-Manar la Sheikh Rashid Rida lilikuwa likitoka Misri, na yeye alikuwa miongoni mwa waliolisoma na kuyafikiri yale ya Sheikh Muhammad Abduh. Mwaka 1930 akaanza kutoa karatasi ndogo ya Kiswahili aliyoiita Sahifa, na mwaka 1932 akatoa gazeti la al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Makala za Sahifa zilikusanywa baadaye katika kitabu kiitwacho Uwongozi, na asiyekisoma na akitafute.

Katika maandishi hayo Sheikh alipiga kwa upanga wa makali mawili. Kwa upande mmoja aliwalaumu Waislamu wenyewe: wanavyomaliza mali katika arusi na matanga, wanavyoona kazi ya mikono ni aibu, wanavyomuiga Mzungu katika mavazi wakaacha kumuiga katika ilimu na bidii, wanavyowanyima watoto wa kike masomo kisha wakashangaa kwamba nyumba hazina adabu. Wapo waliomchukia kwa maneno haya. Kwa upande wa pili alitaka watoto wa Kiislamu wapate skuli zenye ilimu ya dunia bila ya kupoteza dini yao, na aliwatahadharisha wazazi na skuli za wamishonari, ambazo ndizo zilizokuwa nyingi. Makali hayo mawili hayafai kutenganishwa. Mwenye kushika lile la kwanza tu atasema kila aliye nyuma ni mvivu, na mwenye kushika lile la pili tu atakaa akingojea Serikali mpaka jua lichwe.

Tuangalie sasa milango ya skuli ilivyokuwa wakati wake. Serikali ya Kiingereza iligawa skuli kwa rangi na kabila. Mombasa palikuwa na Skuli ya Waarabu iliyofunguliwa mwaka 1912, na Sir Ali bin Salim ndiye aliyekuwa na mkono mkubwa katika jambo hilo. Wahindi walikuwa na zao, na Allidina Visram ilifunguliwa mwaka 1923. Huko Kikuyu makanisa ya Kiprotestanti yalifungua Alliance mwaka 1926 kwa ajili ya Waafrika. Na Nairobi, mwaka 1931, ikafunguliwa skuli ya Prince of Wales kwa ajili ya wavulana wa Kizungu, na mwaka 1949 ikafuata ile ya Duke of York. Katika skuli hizi mbili za mwisho mtoto mweusi au Mwarabu au Mhindi hakuulizwa alama zake, kwani mlango haukuwa wake. Hizo ndizo zinazoitwa leo Nairobi School na Lenana, na ni katika skuli za taifa ambazo wazazi wetu wanagombania. Majumba yale, viwanja vile na vyumba vile vya sayansi vilijengwa wakati ambapo kustahili maana yake ilikuwa rangi. Alama zilikuja baadaye kukaa katika nyumba iliyokwisha kujengwa.

Na Lafey je? Nchi yote hii ya kaskazini iliwekwa mbali na nchi nyingine. Sheria ya mwaka 1902 na ile ya mwaka 1934 ziliifanya kuwa nchi iliyofungwa. Mtu hakuingia wala hakutoka ila kwa ruhusa. Serikali ilitaka utulivu wa mpaka tu, wala haikuwa na haja ya wanafunzi. Wakati ambao Mombasa walibishana juu ya skuli ya namna gani, huku hapakuwa na skuli ya kubishaniwa.

Mwaka 1932 Sheikh Al-Amin alifanywa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, na katika cheo hicho alibaki mpaka alipofariki. Kazi ya kadhi ni mizani. Katika mizani hiyo mna mambo mawili ambayo nimeyafikiri sana katika miaka hii ya Lafey, na naomba ndugu wasomaji nao wayafikiri.

La kwanza ni mirathi. Kadhi anapogawa mirathi haulizi nani katika watoto ni hodari wala nani ni mjinga. Mafungu yanajulikana kabla hajafungua daftari lake, na aliyesoma hapati zaidi ya ndugu yake asiyesoma, kwani mali ile imewafikia kwa nasaba na haikuchumwa kwa bidii ya mmoja wao. La pili ni uimamu. Watu wanaposimama kusali hawagawi uimamu kwa mafungu, leo mtaa huu na kesho mtaa ule. Hutangulizwa aliye bora kwa kisomo na fikihi, kwani swala ya wote imo juu yake. Sheria yetu basi inazo kanuni mbili, na kila moja ina mahala pake. Shida ya skuli ya umma ni kwamba ina sura zote mbili. Imejengwa kwa mali ya hazina, na mali ya hazina ni ya wote, kwa hivyo inafanana na mirathi. Lakini pia inatoa madaktari na mahandisi ambao roho zetu zitakuwa mikononi mwao, kwa hivyo inafanana na uimamu. Anayetaka kuigeuza yote kuwa mirathi atadhulumu, na anayetaka kuigeuza yote kuwa uimamu pia atadhulumu. Mimi naona hivi: mlango wa kuingilia uwe karibu zaidi na mirathi, kwani mtoto wa miaka kumi na minne bado hajawa kitu, na mlango wa kutokea uwe uimamu mtupu, asipewe mtu shahada ya udaktari kwa sababu ya wilaya yake. Mwenye rai nyingine na atuandikie.

Sheikh alikuwa na darsa yake Mombasa, na waliotoka mikononi mwake wanajulikana. Sheikh Muhammad Kasim Mazrui alikuwa Kadhi Mkuu baada yake kwa miaka, na Sheikh Abdallah Saleh Farsy wa Unguja alikuja kushika cheo hicho hicho, na tafsiri yake ya Qur'ani kwa Kiswahili imo katika nyumba zetu. Sheikh Al-Amin mwenyewe alikuwa ameanza kuifasiri Qur'ani kwa Kiswahili, na sehemu za kazi yake zilipigwa chapa miaka mingi baada ya kufa kwake. Alifariki mwaka 1947, umri wake miaka hamsini na sita.

Habari za mtu haziishi kwa kuzikwa, khasa akiacha mtoto. Sheikh alimwacha kijana wa miaka kumi na minne, Ali, aliyezaliwa mwaka 1933, na kisa cha kijana huyu kinatuhusu. Alisoma katika skuli ya Serikali hapo Mombasa, na alipofanya mtihani wa Cambridge matokeo yake yakawa ya daraja ya tatu. Makerere, ambayo ndiyo ilikuwa chuo kikuu pekee cha Afrika Mashariki, haikumtaka. Kwa mizani ya alama hakustahili, na kama pangekuwa na mizani hiyo tu habari yake ingeishia hapo. Akafanya kazi ya karani katika Chuo cha Waislamu cha Mombasa. Siku moja katika Maulidi alisimama akatoa hotuba juu ya Mtume, na Gavana Sir Philip Mitchell alikuwapo akisikiliza. Gavana akaona kwamba katika kijana huyu mna kitu ambacho karatasi ya mtihani haikukiona. Njia ikafunguka akapata msaada wa kwenda Uingereza, akaanza Huddersfield mwaka 1955, kisha Manchester, kisha Columbia huko Marekani, kisha Oxford. Alirudi akawa profesa Makerere, chuo kile kile kilichomkataa, na alama zake za zamani hazikutajwa tena.

Najua atakayesema kwamba huyu ni mmoja katika elfu. Ni kweli. Lakini wale wengine wa daraja ya tatu ambao hakuna gavana aliyewasikia tutawahesabu vipi?

Chuo hicho cha Waislamu nacho kina somo kwetu watu wa pwani, tena somo lisilopendeza. Kilianza kufundisha mwaka 1951. Fedha zilitoka kwa Sultani wa Zanzibar, kwa Aga Khan, kwa Mabohora na kwa Serikali ya Kiingereza, na kilikuwa kwa ajili ya vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki ili wapate kazi za ufundi, kwa sababu ilionekana kwamba Waislamu wameachwa nyuma. Wakati ule hatukumsikia mzee wetu hata mmoja akisema kwamba ni dhuluma kuwafungulia Waislamu mlango wao peke yao. Tulisema ni haki, na naona tulisema kweli. Mwaka 1966 kikawa Mombasa Technical Institute na mlango ukawa wa wote, na tangu mwaka 2013 ni chuo kikuu cha ufundi. Basi aliyekula katika sahani hiyo asimnyooshee kidole mtoto wa Lafey.

Kwani baada ya uhuru haki haikuja mara moja. Mwaka 1965 Serikali ilitoa ile Karatasi ya Kikao nambari 10, na ndani yake ikakata shauri kwamba fedha za maendeleo ziwekwe zaidi pale ambapo zitazaa haraka. Pale palikuwa na mvua na barabara; hapakuwa Lafey. Sheria za hali ya hatari nazo zilibaki kaskazini mpaka mwaka 1991. Skuli za taifa zilipokuwa 18 tu, na nyingi katika hizo ziko Nairobi na bara, wilaya zilipewa mafungu ili kila upande upate watoto humo. Mwaka 2011 ugomvi ulikuwa mkubwa, Wizara ilipogawa nafasi baina ya watoto wa skuli za Serikali na wale wa skuli za kulipia. Watoto wenye alama zaidi ya mia nne wakakosa, na wenye skuli za kulipia wakaenda mahakamani. Skuli za taifa zimeongezwa tangu hapo zikapita mia, na mtihani wa KCPE ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Mtihani umeondoka, lakini ugomvi umebaki, kwani ngazi imegeuzwa na nyumba ni zile zile. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 56, inaitaka Serikali iwape walioachwa nyuma nafasi maalumu katika elimu, na hilo hakuna anayeweza kulifuta kwa kunung'unika.

Sasa nieleze jambo langu mwenyewe, ingawa si la kujisifu. Miaka michache kabla ya mtihani ule kuondoshwa, jamaa yangu mmoja wa Mombasa alinipigia simu. Mwanawe alikuwa na akili, na skuli yake ilikuwa nzuri. Akaniomba nimtafutie mtoto jina katika skuli moja ya huku, afanye mtihani kwa hesabu ya Lafey, kisha achaguliwe kwa fungu la Lafey. Aliniambia wengi wanafanya hivyo katika wilaya za ukame, na hili sikuweza kulikanusha. Yeye ni mkubwa wangu kwa umri, na nilipokuwa mwanafunzi nililala barazani kwake na kula mezani kwake. Sikumjibu. Niliahirisha wiki mbili, na nakiri kwamba katika wiki hizo nilikwisha kuuliza habari za kuandikisha. Kilichonizuia hakikuwa uchaji. Nilikwenda katika skuli hiyo nikamkuta mwalimu mmoja amesimama baina ya madarasa mawili, huku anaandika ubaoni na huku anawapigia kelele wa upande wa pili, na nikaona kijana mmoja katika safu ya nyuma anafanya hesabu juu ya kiganja chake kwa kalamu, kwa kuwa daftari lilikuwa limekwisha. Fungu ni moja. Nikimwingiza wa Mombasa, huyu anatoka. Nikampigia jamaa yangu nikamwambia siwezi, shikamoo yangu aliipokea, lakini tangu siku hiyo hajanipigia.

Mtoto wake alikwenda skuli ya mkoa, akapita vizuri. Yule wa kiganja alichaguliwa skuli ya taifa kwa alama pungufu sana, na mwaka wa kwanza alikuwa wa mwisho darasani mwake. Hili nalo yafaa lisemwe, kwani wanaotetea mafungu hulificha. Mtoto aliyesomeshwa na nusu ya mwalimu kwa miaka minane hawezi kulipa deni hilo kwa muhula mmoja, na skuli nyingi humpokea kisha humwacha peke yake. Na makali ya kwanza ya Sheikh Al-Amin lazima yatufikie sisi wa Lafey pia: wako wazazi wanaomtoa mtoto skulini akawafuate wanyama wakati walimu wamefika, wako wanaomwoza binti kabla hajamaliza, na wako masheikh wanaosema chuo cha Qur'ani kinatosha. Nimewaambia haya msikitini nikiwa mgeni wao, wakanivumilia.

Profesa Ali Mazrui alifariki Marekani mwezi wa Oktoba mwaka 2014, akaletwa kuzikwa Mombasa katika makaburi ya Mazrui karibu na Ngome, kama alivyousia. Mwezi uliofuata, tarehe 22 Novemba, basi lilitoka Mandera alfajiri likiwa na walimu wanaokwenda makwao kwa likizo. Wauaji walilisimamisha wakawaua watu 28, wakiwachagua kwa dini yao, nasi tunajitenga mbele ya Mwenyezi Mungu na damu hiyo. Walimu waliobaki wakaogopa kurudi, na nani awalaumu? Muhula wa Januari ulipofunguliwa, skuli nyingi za Mandera, na za Lafey miongoni mwao, zilifungua madarasa yasiyo na walimu. Watoto waliokuwa wakianza skuli wakati huo ndio waliokuja kupimwa alama zao pamoja na watoto wenu, katika mtihani mmoja, siku moja.